Mashabiki wa gemu wagomea masanduku, hisa zatikisika

Novemba 2017 kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, wakati huo hisa zake zikiuzwa katika soko la Nasdaq, ilipoteza zaidi ya dola bilioni 3 za thamani yake sokoni katika muda wa wiki chache. Hakuna kiwanda kilichoungua. Waliogoma walikuwa wateja, na chanzo kilikuwa toleo la pili la gemu moja, Star Wars Battlefront II.

Toleo la kwanza lilitoka 2015. Liliuzwa kwa wingi, lakini wanunuzi walilalamika kuwa mzigo ulikuwa mwepesi: halikuwa na hadithi ya kuchezwa na mtu mmoja, na aliyetaka nyongeza zote za baadaye alitakiwa kutoa dola 50 nyingine. Hivyo toleo la pili lilipotangazwa, mashabiki walitegemea kufidiwa. Kampuni iliweka hadithi na kufuta malipo yale ya dola 50. Hadi hapo biashara ilikuwa safi.

Ndipo yakaja masanduku ya bahati. Mchezaji aliyekwisha kulipa dola 60 aliuziwa sanduku asilojua lina nini, na kilichomo kiliweza kumpa nguvu za kumshinda mwenzake asiyenunua. Darth Vader, ambaye wengi walimfuata yeye hasa, alifungiwa. Kumfungua kulihitaji pointi 60,000, kazi ambayo wachezaji waliikadiria kuwa ya saa 40 hivi. Ni kama kumuuzia mtu baiskeli kisha kumdai pesa ya mnyororo.

Kelele zilipozidi, pointi hizo zilipunguzwa kwa asilimia 75, na siku moja kabla ya gemu kuingia rasmi madukani tarehe 17 Novemba, ununuzi kwa fedha taslimu ndani ya mchezo ukasimamishwa. Aprili 2018 Ubelgiji ilitamka kuwa masanduku ya namna hiyo ni kamari, na FIFA 18 ya kampuni hiyo hiyo ikawa miongoni mwa gemu zilizotajwa.

Wapo wanaodai kuwa shabiki hupiga kelele tu, mwishowe hununua. Hesabu zinawapa haki nusu. Julai 2018 hisa hizo zilikuwa zimepita dola 140, na aliyeuza kwa hofu mwezi Novemba bila shaka alijuta. Tena Ultimate Team, ambayo huuza pakiti za wanasoka kwa kubahatisha, iliingiza dola bilioni 1.62 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021. Lakini shabiki wa soka hakuwa na duka la pili la maana. Mpenzi wa gemu za vita alikuwa nalo: Call of Duty mpya ilitoka mwezi ule ule wa Novemba 2017.

Agosti 2018 kampuni ilipoahirisha Battlefield V, mwendelezo mwingine, hisa zilishuka kwa takriban asilimia 10 kwa siku moja. Desemba zilikuwa chini ya dola 80.

Na Battlefront II? Masanduku yenye nguvu yaliondolewa 2018, sifa zikarudi polepole. Januari 2021 duka la Epic lilipoitoa bure, watu zaidi ya milioni 19 waliichukua.