Mwanafunzi wa umeme Likasi ajifunze makelele ya Shituru, si kete tu

Muulize mwanafunzi wa ufundi wa umeme ni somo gani alilikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mara nyingi atakutajia hesabu za uwezekano na ishara za nasibu. Alifundishwa kurusha kete na kutoa mipira myekundu na myeusi ndani ya mfuko. Akiuliza mipira hiyo itamsaidia nini kazini, ana haki ya kuuliza.

Jibu liko Shituru. Katika kiwanda kile, ambacho Gécamines ilikirithi kutoka Union Minière, shaba hutolewa kwa umeme. Ndani ya matangi ya asidi mna bamba za anodi na katodi, na shaba hujibandika kwenye katodi. Katika kazi ya namna hii tangi moja hutumia karibu volti 2 tu, lakini kuranti ni maelfu ya ampea. Kila ampea ikipita saa nzima huweka shaba isiyozidi gramu 1.19.

Sasa shaba ikiota kinundu mpaka kiguse anodi, kuranti hupita njia ya mkato bila kuweka chochote. Dalili yake ni volti za tangi kushuka kidogo. Shida ni kwamba kipimo chenyewe hakitulii: mapovu ya gesi, nyaya ndefu, mashine zinazogeuza umeme, vyote vinakitikisa. Je, kilichoshuka ni hitilafu au ni makelele? Somo lile lipo kwa ajili ya swali hilo.

Fundi atasema: pima mara nyingi, chukua wastani. Sawa, lakini ajue masharti. Vipimo 100 visivyotegemeana hupunguza makelele mara 10, si mara 100. Mngurumo wa umeme wa herzi 50 si wa nasibu hata kidogo: ukipima kila mara katika nukta ileile ya wimbi lake, wastani hautaupunguza. Na mita inayozidisha volti 0.05 itaendelea kuzidisha hata ukipima mara milioni. Kete haikufundishi hayo, kwa sababu kete haina waya.

Halafu kuna kengele. Ukiitega karibu mno, italia usiku kucha hadi wafanyakazi waizime (na nani atawalaumu?). Ukiitega mbali, bamba zitachemka na kuranti itapotea bure. Hakuna mahali pa kuitega pasipo hasara. Kuchagua hasara ipi ni nafuu ndiyo hesabu ya uwezekano, na hesabu hiyo ina bei.

Wengine wanasema hatuna vifaa. Kuna makelele hata ndani ya nyaya zisizo na kazi: Johnson na Nyquist walionyesha hivyo huko Marekani mwaka 1928, kwamba joto la waya peke yake hutoa makelele, na mwaka 1948 Shannon akaonyesha jinsi makelele yanavyoweka mpaka wa habari inayoweza kupita kwenye njia. Simu zetu zinaishi ndani ya mpaka huo. Radio ya bei rahisi ikiwekwa katikati ya stesheni mbili hutoa mvumo ambao mwanafunzi anaweza kuurekodi kwa simu, akauhesabu na kuuchora.

Lakini radio haitoshi. Walimu wa Likasi na wa Politekniki ya UNILU waombe rekodi halisi, na makampuni yanayochimba na kusafisha shaba hapa yazitoe. Najua yatasema ni siri ya biashara. Volti za tangi moja, za mwaka uliopita, bila jina la tangi, ni siri gani? Kijana wetu asipojua kuzisoma, msomaji ataletwa kutoka nje, na wa kwetu atabaki kubeba nyaya. Rekodi ya saa 24 inaenea kwenye fleshi moja ya mfukoni.