Rekodi ni mtaji, isiliwe kama faida

Tarehe 5 Juni 2024, katika uwanja wa Providence nchini Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda alirusha mipira 24 dhidi ya Papua New Guinea. Wapigaji walipata mikimbio minne tu kutoka kwake, na wawili kati yao akawatoa. Hadi siku hiyo, hakuna mrushaji aliyewahi kumaliza ova zake nne kwa mikimbio michache hivyo katika Kombe la Dunia la kriketi ya T20. Uganda ikashinda kwa wiketi tatu, ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo. Nsubuga alikuwa na miaka 43, mkubwa kwa umri kuliko wachezaji wote waliokuwapo.

Rekodi hiyo ilidumu siku 12. Lockie Ferguson wa New Zealand naye alikutana na Papua New Guinea, akarusha mipira yake 24 bila kutoa mkimbio hata mmoja. Uganda nayo ilikuwa tayari imeonja upande wa pili wa vitabu vya rekodi: siku tatu baada ya ushindi wake ilitolewa na West Indies kwa mikimbio 39, sawa na idadi ndogo kuliko zote katika historia ya Kombe hilo.

Kwa mfanyabiashara wa Ombaci anayepakia mzigo Arua kwenda Vurra, au anayepita Koboko kuelekea Oraba, habari hizi zinaweza kuonekana za mbali. Kriketi ya Uganda ina makao yake Kampala, Entebbe na Jinja, si West Nile. Lakini mfanyabiashara huyo anajua jambo moja ambalo viongozi wa michezo wa ukanda huu husahau mara kwa mara: fedha iliyoingia leo inaweza kuwa mtaji au inaweza kuliwa. Rekodi ni vivyo hivyo.

Umri wa Nsubuga si ajabu ya bahati. Kriketi huwapa wazee nafasi ambayo kandanda haiwapi. Mrushaji wa mpira wa taratibu hategemei mbio. Hutegemea shabaha, subira na kumsoma aliyesimama mbele yake, kama muuzaji wa siku nyingi anavyomjua mteja kabla hajataja bei. Ndiyo maana Wilfred Rhodes aliichezea Uingereza mwaka 1930 akiwa na miaka 52, na Nolan Clarke akaichezea Uholanzi katika Kombe la Dunia la 1996 akiwa na miaka 47.

Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wake kabla ya Nsubuga. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa ambaye pia aliiwakilisha Kenya katika tenisi, alikuwa amestaafu alipoitwa tena kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2003. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, akiwa na miaka 39, aliirushia Australia, mabingwa wa dunia, mipira 50. Walipata mikimbio saba tu, naye akawatoa watatu, akiwemo nahodha wao Ricky Ponting. Australia ilishinda mechi, lakini mchezaji bora wa siku hiyo alikuwa Karim.

Mizizi ya hawa wote ni ya pamoja. Katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Uingereza mwaka 1975, ilikwenda timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Ilikuwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakiwemo Waganda John Nagenda na Sam Walusimbi. Ilipoteza mechi zote tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, lakini jina la Afrika Mashariki liliendelea kuandikwa katika mashindano ya dunia ya 1979, 1982 na 1986. Baadaye likaja jina la Afrika Mashariki na Kati, na ni kwa timu hiyo Nsubuga alianza mwaka 1997 nchini Malaysia, akiwa kijana wa miaka 16. Kutoka hapo hadi Guyana ni miaka 27.

Swali ni nini kimefanywa na mtaji huo. Ukanda huu una majibu mawili yanayopingana.

Jibu la kwanza ni la Kenya. Mwaka 2003 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Afrika Mashariki imelifanya. Kilichofuata ni migogoro ya uongozi na migomo ya wachezaji kuhusu malipo. Mchezo uliendelea kubebwa na watu wachache, wengine wa nyumba moja: ndugu watatu wa familia ya Tikolo na watatu wa familia ya Obuya waliichezea timu ya taifa. Familia kama hizo zinastahili heshima, lakini nchi haiwezi kuishi kwa matunda ya miti miwili. Kenya haijaonekana katika Kombe la Dunia tangu 2011, na mwaka 2014 ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mafanikio yaliliwa kama faida.

Jibu la pili ni la Rwanda. Kriketi iliingia huko ikibebwa na watu waliorejea baada ya 1994, wengi wao wakiwa wameujua mchezo huo Uganda na Kenya. Ulivuka mpaka kama zinavyovuka lugha na bidhaa, mikononi mwa watu. Mei 2016, nahodha Eric Dusingizimana alisimama mjini Kigali na kupiga mipira kwa saa 51, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata mwenzake wa timu ya wanawake, Cathia Uwamahoro, akapiga kwa saa 26. Ni rekodi za ajabu, na mtu angeweza kuzicheka. Lakini Dusingizimana aliifanya ya kwake ili kuchangisha fedha za kujenga uwanja, na uwanja wa Gahanga ukafunguliwa Oktoba 2017. Mwaka 2023 wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 wakaifunga West Indies katika Kombe la Dunia. Rekodi imezaa.

Uganda sasa iko njia panda. Ilifuzu kwenda kwa Nsubuga huyo huyo na wenzake tarehe 30 Novemba 2023 mjini Windhoek, kwa kuishinda Rwanda, baada ya kuiangusha Zimbabwe siku chache kabla. Tarehe 30 Novemba ndiyo siku ambayo Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini mwaka 1999. Kifungu cha 119 cha Mkataba huo kinazitaka nchi wanachama kushirikiana katika utamaduni na michezo. Mkataba upo, na wazee wenye ujuzi wapo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuwatumia.

Mchezaji aliyedumu miaka 27 anapaswa kupewa kazi ya pili mara anapotua gongo: kufundisha, na si Kampala peke yake. Ombaci ina shule ya wavulana yenye jina kubwa. Arua na Koboko zina vijana wanaozungumza lugha nne kabla ya kumaliza sekondari, na nyuma yao ziko Kongo na Sudan Kusini, wanachama wa Jumuiya ambao kriketi yao karibu haijulikani. Ikiwa mchezo ulifika Kigali kwa njia ya watu waliorejea, unaweza kufika Ariwara na Kaya kwa njia ya watu wanaokwenda sokoni. Kuanza hakuhitaji kontena la vifaa: mpira wa tenisi, ubao uliochongwa na dumu la plastiki lililosimamishwa kuwa wiketi vinatosha kumwonyesha mtoto kama ana jicho.

Hapo wafanyabiashara wanaingia. Wanaodhamini ligi za kandanda za mitaani wanajua kwamba jezi zenye jina la duka hulipa kwa njia yake. Mechi ya shule za pande tatu za mpaka ingegharimu kidogo kuliko hasara ya siku moja ya malori kukwama forodhani, na ingewafanya vijana wa pande hizo wafahamiane kabla hawajaanza kununua na kuuziana.

Mashirikisho ya kriketi ya Uganda, Kenya na Tanzania nayo yana deni lao. Timu ya 1975 haina nchi inayoiita yake, na ndiyo maana rekodi zake hazina mrithi. Zikusanywe katika daftari moja, majina na takwimu, wakati bado wapo waliocheza au waliowaona waliocheza. Nagenda alifariki Machi 2023, miezi minane kabla Uganda haijafuzu. Kila mwaka unaopita bila daftari hilo unapunguza cha kuandika.