Baiskeli mjini si kero, ni gari la mzigo la mchuuzi

MWENDESHA baiskeli wa Dar es Salaam akitajwa gazetini au redioni, mara nyingi hutajwa kwa sababu moja kati ya mbili: ama amegongwa, ama amelalamikiwa. Malalamiko yenyewe hayabadiliki sana. Anaziba njia. Hana taa. Anapita upande usio wake. Anabeba mzigo unaomzidi kimo. Halipii barabara hata senti. Na hili la mwisho husemwa kwa sauti ya chini kidogo: analifanya jiji lionekane kama kijiji kikubwa. Katika vipindi vya asubuhi vya redio, wakati wenye magari wamekwama kwenye foleni na simu za studio ziko wazi, mchawi hutafutwa, na baiskeli haina msemaji karibu.

Wanaosemwa hapo si watu wa mazoezi ya Jumapili. Ni muuza maziwa anayetoka Pugu au Chanika alfajiri, madumu mawili ya lita 20 yamefungwa kwa mpira kwenye keria. Ni mchuuzi anayewahi mnada wa samaki Feri, kisha anakimbilia Buguruni au Tandika kabla barafu haijayeyuka. Ni muuza madafu, muuza mikate, muuza mayai aliyepanga trei zake kama ghorofa, na mbeba mkaa kutoka upande wa Kisarawe au Mkuranga ambaye baiskeli yake haionekani chini ya magunia. Hata magazeti yanayomwita kero yamefikishwa mitaani kwa miaka mingi na vijana wa baiskeli.

Kwa mkulima aliye nje ya jiji, jambo hili si la watu wa mjini peke yao. Bei anayolipwa shambani inategemea gharama ya kumfikisha mlaji bidhaa, na sehemu ya mwisho ya safari, kutoka soko kubwa hadi genge la mtaani, ndiyo ambayo lori haliwezi kuifanya. Chukua mfano wa muuza maziwa wa lita 40. Kama angelipa bodaboda Sh 3,000 kwa safari moja, kwenda na kurudi kila siku ni Sh 6,000, na kwa siku 26 za kazi ni Sh 156,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haianguki kutoka mbinguni. Ama mfugaji atapunguziwa bei, ama mama wa Vingunguti ataongezewa, ama mchuuzi ataacha biashara. Kwa baiskeli, gharama yake ni pancha, spoku zinazokatika, breki na jasho. Anayepiga kelele kwamba baiskeli ziondolewe katika barabara kubwa anapendekeza, bila kujua, kodi mpya juu ya maziwa.

Sasa zitazamwe tuhuma zenyewe, kwa kuwa si zote ni za uongo.

Ile ya kutolipia barabara ndiyo inayosikika sana na ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli Mfuko wa Barabara hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na tozo ya mafuta, na baiskeli hainywi petroli. Lakini katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza ushuru wa bidhaa kwa Sh 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Maana yake ni kwamba mtu aliyewasha kibatari, na mkulima aliyewasha pampu ya kumwagilia nyanya, walibebeshwa sehemu ya mzigo aliotuliwa mwenye gari. Aidha, barabara ya mabasi yaendayo haraka kutoka Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kutumika Mei 2016, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo wa taifa hulipwa na taifa zima, akiwemo anayelipa VAT kila anaponunua tairi na tyubu.

Kisha kuna suala la nani anaiharibu barabara. Wahandisi hukadiria kwamba uharibifu wa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito ukizidi mara mbili, uharibifu huzidi kama mara 16. Ndiyo sababu kuna mizani barabarani, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuona baiskeli imepangwa foleni kupimwa. Magunia mawili ya mkaa na mtu wake hayaachi alama yoyote katika barabara iliyojengwa kubeba malori ya Zambia na Kongo.

Tuhuma ya taa na kupita upande usio wake ni ya kweli, na waendesha baiskeli wenyewe hawana budi kuikubali. Baiskeli nyingi za mizigo hazina taa wala kiakisi mwanga, breki zake ni za kubahatisha, na wapo wanaoona ni salama kukabili magari uso kwa uso kuliko kuyapa mgongo. Mtu anayebeba riziki ya familia yake hapaswi kushindwa kununua kiakisi cha nyuma. Hata hivyo, mwandishi makini angeuliza swali la pili: kwa nini mtu mzima mwenye akili zake aamue kupita upande usio wake? Mara nyingi jibu liko mita mia mbele. Njia ya kuvukia iko mbali, katikati kuna ukuta wa zege, na pembezoni pa upande ulio sahihi pameegeshwa magari.

Jambo moja halijaangaliwa vya kutosha, nalo ni lugha. Mtu akigongwa na lori akiwa juu ya baiskeli, habari huandikwa kwamba lori na baiskeli “viligongana.” Kiswahili kinajua tofauti ya kugonga, kugongwa na kugongana. Wanaogongana ni wawili waliofanyiana. Lori la tani 30 likimkuta mtu kwa nyuma, hakuna kufanyiana hapo. Kuna aliyegonga na kuna aliyegongwa. Hufuata kwamba dereva “alikimbia kusikojulikana,” na kwamba marehemu “alikuwa akiendesha baiskeli bila uangalifu,” maneno yaliyotolewa na shahidi aliyebaki hai. Kisha linawekwa kufuli la kwamba ajali haina kinga. Msomaji akimaliza aya tatu, mchuuzi amekwisha kuhukumiwa na hakuna aliyeuliza mwendo wa lori ulikuwa kiasi gani.

Hili si dogo. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hao ndio wasio na bati la kuwakinga.

Inafaa kukumbuka kwamba jiji hili halikuwa na uhaba wa mawazo. Katika miaka ya 1990 Temeke na Morogoro zilikuwa miongoni mwa sehemu za majaribio ya mradi wa usafiri usiotumia injini, pamoja na Nairobi na Eldoret nchini Kenya. Kabla ya hapo nchi ilikuwa na kampuni yake ya taifa ya baiskeli, NABICO, na wazee wa leo wanaikumbuka Swala kama vijana wa leo wanavyokumbuka simu yao ya kwanza. Baiskeli haikuwa aibu wakati huo. Mwalimu wa shule, bwana shamba na mganga wa zahanati waliipanda, na aliyekuwa nayo alipata mchumba kwa urahisi zaidi kuliko asiye nayo.

Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, iliwekewa pia njia za baiskeli pembeni. Ilikuwa hatua kubwa, na jiji lilitunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Lakini anayepita huko jioni anajua kinachotokea. Bodaboda wamezifanya njia za mkato, gari limepandishwa juu, meza ya chipsi imetandazwa. Mwendesha baiskeli akisukumwa kurudi barabarani, anapigiwa honi na kuulizwa kwa nini hatumii njia aliyojengewa. Kuwalaumu wamachinga peke yao nako si haki. Nao wanatafuta mahali pa kusimama penye wateja. Mwenye kulaumiwa ni aliyejenga njia akaiacha bila msimamizi.

Uholanzi hutajwa sana kama nchi ya baiskeli, na wengi hudhani Waholanzi walizaliwa hivyo. Sivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yaliongezeka kwa kasi, miji ikaanza kubomolewa kuyapisha, na baiskeli zikaonekana ni mambo ya kizamani. Mwaka 1971 walikufa watu zaidi ya 3,000 katika barabara za nchi hiyo ndogo, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa mwandishi wa habari, Vic Langenhoff. Mwaka 1972 aliandika makala katika gazeti lake, De Tijd, yenye kichwa kinachotaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Kichwa hicho kikawa jina la vuguvugu la wazazi lililofunga mitaa na kubisha hodi kwa wanasiasa. Mwishoni mwa 1973 ukaja uhaba wa mafuta, Serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili kwa muda, na watu wakaona kwa macho yao barabara inavyoweza kuwa. Njia za baiskeli zinazosifiwa leo zilitokana na miaka hiyo ya kusukumana. Zilianza na gazeti lililoacha kuandika “ajali” na kuanza kuhesabu maiti.

Vyombo vya habari vya hapa haviwezi kusema havina uwezo huo. Labda kinachokosekana ni sababu. Kurasa za biashara huishi kwa matangazo ya magari, mafuta, bima na mikopo ya magari. Fundi baiskeli wa chini ya mwembe hajawahi kulipia hata robo ukurasa. Si lazima mhariri apewe amri ili kuegemea upande mmoja. Yeye mwenyewe hufika kazini kwa gari, waandishi wake wanaota kununua la kwao, na wote wanaitazama barabara kupitia kioo cha mbele.

Waendesha baiskeli wameanza kujibu muda mrefu sasa. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, uliozaliwa katika miaka ya 2000, umewahi kuandaa misafara ya baiskeli katikati ya jiji kudai njia salama, na mamia ya watu waliovaa kandambili walipita mbele ya wizara ambazo kwa kawaida hawaruhusiwi hata kuegesha. Msafara hupigwa picha. Tatizo ni kwamba picha hutoka siku moja, na malalamiko ya foleni hutoka kila siku.

Kuna pia namna ya kujibu inayowaponza. Baadhi ya watetezi huzungumzia afya, unene na hali ya hewa, wakiwa wamevaa helmeti za bei ya trei nyingi za mayai. Hayo ni kweli yote, lakini hayamgusi diwani. Wengine hujibu tusi kwa tusi, kwamba madereva ndio wauaji, na mjadala unaishia hapo. Kinachogusa ni hesabu. Chama cha wauza maziwa kikisema wanachama wake ni wangapi, wanaingiza lita ngapi kwa siku, wamepoteza siku ngapi za kazi kwa majeraha na mangapi kati ya madumu yao yamemwagwa na magari, hiyo ni habari ya biashara na mhariri wa biashara hawezi kuitupa. Ushirika wa wafugaji wa Pugu au wavuvi wa Feri una daftari. Mwenye daftari ana hoja.

Na madai yenyewe yawe madogo yanayoweza kupimwa. Njia ya baiskeli ya Barabara ya Morogoro isafishwe na isimamiwe. Masoko ya Feri, Ilala, Buguruni na Tandika yatengewe mahali pa kuegesha baiskeli penye mlinzi na risiti, kwa kuwa mchuuzi anayeibiwa baiskeli ameibiwa mtaji wote. Barabara za mitaa zinazotengenezwa na TARURA ziwe na ukingo wa lami wa kutosha baiskeli yenye madumu, badala ya mtaro ulio wazi. Kikosi cha Usalama Barabarani kiwakamate wasio na taa, sawa, lakini kianze kwanza na semina na viakisi vya bei nafuu kwenye vijiwe vyao, kama kinavyofanya kwa bodaboda.

Vikao vya bajeti vya halmashauri hufanyika mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Huko ndiko metroli na shilingi za barabara zinakogawanywa, na huko ndiko viongozi wa wachuuzi wa baiskeli wanapaswa kuonekana na madaftari yao, wakiwa na mwandishi mmoja au wawili waliokubali kutoka nao Chanika saa 10 alfajiri na kupanda mlima wa Pugu nyuma ya madumu ya maziwa.