Kodi ya Chumba Kilichoachwa

Tunduma ni mji wa wapangaji. Abadilishaye fedha, apakiaye mahindi, angojaye mzigo wake uvuke kwenda Nakonde, mwalimu aliyepangiwa shule mpya, wote huanza kwa kutafuta chumba. Nasi tuliojaliwa nyumba tumezoea kudai kodi ya miezi sita, hata ya mwaka mzima, kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo. Desturi hiyo ndiyo izaayo swali letu: mpangaji akiondoka kabla ya muda wake kwisha, fedha ya miezi iliyobaki ni ya nani?

Wengi wetu hujibu upesi kwamba ni yetu, kwa kuwa ameondoka kwa hiari yake. Hiari gani? Mwezi Mei 2020 Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona, mchuuzi aliyekosa riziki na kurudi kwao alikuwa na hiari gani?

Hatusemi kwamba mwenye nyumba abebe hasara. Mkataba ni ahadi, na auvunjaye huwajibika. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 73, humpa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara yake. Lakini katika kuipima hasara hiyo, huangalia pia njia alizokuwa nazo za kuiondoa. Basi haitoshi kukaa tukitazama chumba kitupu huku tukihesabu miezi.

Tuchukue mfano. Chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na mpangaji amelipa 240,000 za miezi sita. Anaondoka baada ya miezi miwili. Chumba kinakaa kitupu mwezi mmoja, kisha anaingia mwingine. Hasara yetu ni 40,000, pamoja na kitasa kilichovunjika kama kipo. (Dalali kwa kawaida hulipwa na mpangaji mpya, basi tusimkate wa zamani kwa jina lake.) Zinazobaki, 120,000, tukizishika tutakuwa tumepokea kodi mara mbili kwa chumba kimoja katika mwezi uleule. Huo si upangishaji tena.

Tunajua jibu litakalotolewa: fedha ile imekwisha kununua mabati. Ni kweli, na mpangaji hana budi kuvumilia. Alipwe kidogo kidogo kutokana na kodi ya aliyeingia, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wakishindwa kuelewana, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kuhukumu.

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Kinga kubwa ya mpangaji imebaki kuwa mkataba wake, na mikataba yetu mingi ni ya mdomo. Hapo ndipo tunapokosea sisi sote, wapangaji nasi. Mistari miwili ingetosha: notisi ni ya siku ngapi, na fedha iliyobaki itarudishwaje.

Yuko pia mpangaji atorokaye usiku akiacha deni. Huyo tumdai kwa njia halali. Lakini aliyekuja mchana kuaga, akatukabidhi ufunguo mkononi, tusimzuilie godoro lake.