Msikiti wa Kale Hauhifadhiwi kwa WhatsApp

Wasomaji wangu, leo siandiki kuhusu programu mpya. Leo nina ugomvi, tena na watu wanaodai kwamba wanaihifadhi misikiti ya kale ya pwani yetu kwa kuipiga picha.

Mtu anafika Shela, kule Lamu, anaupiga picha mnara wa msikiti wa Ijumaa uliojengwa 1829. Picha inapendeza, sibishi. Anaituma kwa WhatsApp, inasambaa, watu wanasema mashallah, naye anajiona amefanya kazi ya makumbusho. Jamani! Picha ikitumwa hivyo hubanwa, na maelezo yaliyomo ndani ya faili huondolewa: ilipigwa lini, kwa kamera gani, mahali gani. Kinachobaki ni mnara mzuri usio na tarehe.

Kuna rafiki aliyeniletea flashi akitaka nimtengenezee hifadhidata ya mihrabu za kale. Picha zilikuwa nyingi, na karibu zote zimepitia WhatsApp. Mihrabu ipi ni ya msikiti upi? Hakuna aliyejua. Hifadhidata ya nini sasa? Tarakilishi haipigi ramli.

Mlinganishe na Peter Garlake. Kitabu chake kuhusu usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki kilitoka 1966. Hakuwa na GPS wala kamera ya dijitali. Alipima kuta, akachora ramani za majengo, akaandika yako wapi. Ndiyo maana watafiti wanakifungua mpaka leo.

Nanyi mnaouliza haraka ni ya nini, sikilizeni. Sina hofu sana na magofu ya Gedi; yana walinzi, na 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hofu yangu ni misikiti ya mitaani inayosaliwa mara tano kwa siku. Hiyo lazima ikarabatiwe, na siwalaumu waumini kwa kutaka paa lisilovuja. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, na baada ya muda plasta inabambuka pamoja na jiwe. Halafu kuna vigae, vinavyobandikwa juu ya nakshi iliyochongwa kwa mkono, kwa nia njema kabisa. Fundi akishamaliza, hakuna programu itakayoirudisha nakshi hiyo. Kwa hivyo anayetaka kuhifadhi aende kabla ya fundi, aombe ruhusa kwa imamu na kamati, na aende na futi.

Kazi yenyewe si ngumu. Washa GPS ya simu. Weka rula kando ya mihrabu ili ukubwa ujulikane. Zunguka polepole, kila picha irudie zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, na programu ya bure kama Meshroom itakujengea umbo la pande tatu. Faili asili usiziguse. Za kutuma kwa marafiki ziwe nakala.

Na nakala zisikae mahali pamoja! Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Kanuni ya mpango huo ni nzuri: hati zenyewe hazitoki nchini, na nakala ya dijitali hubaki huku pia. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa mtandaoni, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Anayetegemea London peke yake alikaa akisubiri.

Sasa wako wanaokuja na droni na leza, wanapima msikiti mzima, wanaondoka na data yote, na kamati inaachiwa asante. Huko si kuhifadhi, ni kuchukua. Diski ya nje ya terabaiti moja inaweza kubeba picha asili za misikiti kadhaa. Inunuliwe kwa pesa za mradi, ikabidhiwe kamati siku ile ile, na nyingine ipelekwe makumbusho.