Jina la mkulima liko ndani ya gunia

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mkulima wa mbaazi wa Babati, msemo huo ni kweli nusu. Mbaazi nyeupe, kavu na safi hujiuza pale tu mnunuzi anapoweza kuitofautisha na iliyochanganyika na mawe, vumbi na punje zilizotobolewa na wadudu. Asipoweza, zote mbili huzipa bei moja, nayo ni bei ya ile mbaya.

Mwaka 1970, mchumi wa Marekani George Akerlof alilieleza jambo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mnunuzi asiyejua hali ya gari, alisema, hutaja bei kwa hofu. Mwenye gari zuri huona bei hiyo haimfai, huondoka sokoni, na yanabaki mabovu. Badala ya gari weka gunia.

Dawa ya hofu hiyo ni jina. Babati inalo tayari: mbegu yake ya kienyeji inajulikana kama Babati White, na ugonjwa wa mnyauko ulipoisumbua, wakulima wengi walihamia mbegu ya Mali inayoustahimili. Lakini jina la Babati ni la wote. Anayelichafua hupata faida peke yake, hasara tunagawana. Kwa hiyo kila mkulima na mfanyabiashara hana budi kujenga pia jina lake mwenyewe.

Umuhimu wake unaonekana soko linapobana. Agosti 2017, India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa kiasi kinachoingia nchini humo, na bei hapa zikaporomoka. Ililegeza masharti hayo mwaka 2021. Jina zuri lisingezuia anguko lile. Hata hivyo, wanunuzi wanapokuwa wengi hata mbaazi chafu huondoka. Wanapokuwa wachache huchagua, na huanza na wale wanaowaamini.

Jina la namna hiyo haliletwi na kibao wala kalenda yenye picha yako. Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyeandika mlangoni "Uaminifu Kwanza", huku akinunua kwa lumbesa. Kila gunia likimpa kilo 20 za bure, kwa magunia 10 amepata kilo 200 msimu huu. Msimu ujao wakulima wale wale wanapeleka mzigo kwa mwenye mizani, na kibao chake kinakuwa kichekesho cha kijiwe. Tena, Wakala wa Vipimo unataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, hivyo yuko pia upande mbaya wa sheria.

Ni vyema basi kuchagua jambo moja au mawili unayoyaamini kweli, na ambayo utayamudu hata mwaka wa bei mbaya. Kwa mkulima yanaweza kuwa kuanika kwenye turubai badala ya ardhini, kupepeta, na kutochanganya mbaazi za mwaka jana na mpya. Kwa mfanyabiashara ni mizani iliyokaguliwa na kulipa siku aliyoahidi. Kwa chama cha ushirika ni kukagua kila gunia kabla ya kulipokea, maana katika stakabadhi ghalani gunia chafu la mmoja huweza kushusha daraja la mzigo wa wengi.

Usajili uje baadaye. BRELA husajili alama ya biashara kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa. Usajili hulinda jina dhidi ya wanaoliiga, lakini hauliundi.

Mwisho wa yote, mnunuzi atalifungua gunia, atatia mkono hadi chini, na atang'ata punje. Anachokikuta huko chini ndicho atakachokuitia msimu ujao.