MTU WETU AKISHIKWA UGENINI



Vijana wengi wanaokwenda Arabuni kutafuta kazi ni watoto wetu sisi wafanya kazi. Twataka kusema juu ya sheria moja ambayo maajenti si wepesi wa kuieleza.

Mwaka 1963 mataifa yalifanya Mkataba wa Vienna juu ya mabalozi wadogo, yaani makonseli. Kenya imo, na Saudi Arabia imo. Kifungu cha 36 chasema kwamba mgeni akikamatwa ni lazima aambiwe bila kuchelewa kuwa ana haki konseli wake apelekewe habari. Akitaka, wampelekee. Konseli aweza kumtembelea gerezani na kumtafutia wakili. Liangalieni neno hilo, "akitaka". Mtu wetu asiyejua haki hii hunyamaza.

Tusidanganyane: konseli hana ufunguo wa jela. Lakini asipojua hawezi kusaidia lo lote. Wajerumani wawili, Karl na Walter LaGrand, mtu na nduguye, walishikwa Arizona, Marekani, mwaka 1982 kwa kuua mtu katika benki. Hawakuambiwa haki hii. Konseli wao alipata habari mwaka 1992, tena kutoka kwao wenyewe, nao wamekwisha hukumiwa kufa. Waliuawa mwaka 1999. Mahakama ya Dunia iliposema mwaka 2001 kwamba Marekani ilivunja mkataba, wenyewe walikuwa kaburini. Hata hivyo Mahakama ilitamka jambo kubwa: haki hii ni ya mtu mwenyewe pia, si ya serikali yake tu.

Na binti aliyefungiwa nyumbani kwa tajiri? Polisi hawakumshika. Kifungu hicho hicho chasema raia awe huru kuwasiliana na konseli wake, lakini mkataba wazifunga serikali, hauwafungi matajiri. Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo twaitaka serikali yetu iseme na serikali za huko kwa sauti kubwa. Tena iweke watu wa kutosha katika afisi zake za ng'ambo, na simu ipokewe hata usiku.

Makatibu wa matawi wabandike ukutani namba za balozi zetu. Mwenye mtoto anayesafiri aje aziandike, na mtoto azishike kwa moyo, maana simu ndiyo ya kwanza kunyang'anywa.